Mwenye nauli ndogo apande wapi?

Ndugu msomaji, na wewe kijana unayesoma ukurasa huu nyuma ya bega la baba yako, tuanze na ulizo moja. Ukitaka kutoka Lusangi leo kwenda Kasongo, bei ya njia ni ngapi?

Najua utajibu namna gani. Utasema: "Ile inategemea." Inategemea mvua ilinyesha wapi, mafuta yamepanda bei ao hapana, mzigo wako una uzito gani, na kama motari anakujua. Utasimama pale njiani, utabishana naye, utataja jina la mjomba wake, na mwisho mtapatana. Lori nalo halina saa. Linaondoka wakati limejaa. Likijaa asubuhi, ni heri yako. Likijaa kesho, basi mama analala pale pale juu ya magunia ya mpunga na muhogo, na mtoto mgongoni. Na wengi kati yetu hawabishani na mtu hata mmoja, wanachukua kinga yao ao miguu yao, kwisha.

Kwa nini basi tuzungumze juu ya mabisi ya miji mikubwa, sisi ambao hatuna hata moja? Kwanza, sababu watoto wetu wanakwenda kule. Mmoja yuko Lubumbashi, mwingine Bukavu, mwingine amevuka ziwa mpaka Dar es Salaam, na barua ao simu zao zinasema mambo ya bisi karibu kila mara. Pili, bisi inaonyesha wazi jambo ambalo hapa kwetu limefichwa nyuma ya magunia: mtu ambaye hana feza ya kutosha, nani anamchukua? Na nani analipa sehemu ile iliyopunguka?

Jambo hili limejaribiwa kwa namna mingi. Tutakaa zaidi Dar es Salaam, sababu pale watu wanasema lugha yetu na mambo yao yanajulikana vizuri.

Jina la gari ni bei yake

Umekwisha kusikia majina "matatu" na "daladala". Je, unajua yalitoka wapi? Yote mawili ni majina ya feza. Kule Nairobi, magari madogo ya watu binafsi yalikuwa yanatoza senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Ndiyo sababu watu wakasema "matatu". Magari yale yalibeba watu bila ruhusa mpaka mwaka 1973, wakati Rais Jomo Kenyatta aliyapa ruhusa ya kufanya kazi. Dar es Salaam nako, sarafu ya shilingi 5 watu waliiita "dala", kwa sababu zamani dola moja ya Marekani ilikuwa karibu sawa na shilingi tano. Magari ya watu binafsi yakatoza shilingi 5, na konda akapiga kelele mlangoni: "Dala! Dala!" Jina likabaki, hata kama bei ile imekufa zamani.

Unaona? Mpandaji hakuita gari kwa jina la tajiri wake wala kwa jina la kiwanda. Aliliita kwa jina la kile kilichomuuma mfukoni.

Bisi ya serikali

Kabla ya daladala, Dar es Salaam ilikuwa na mabisi ya kweli, yenye njia zake na tiketi zake. Kwanza ilikuwa kampuni ya DMT. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania iligawa kazi yake kwa mashirika mawili: KAMATA ikachukua safari za mikoani, na UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam, ikachukua safari za mjini. Wazee waliokaa kule wanakumbuka mabisi marefu ya Ikarus kutoka Hungary. Bei ilipangwa na serikali, na ilipangwa chini, ili mfanyakazi wa kiwanda aweze kufika kazini.

Jambo jema kabisa. Lakini kila bisi inakunywa mafuta na kula vipira, na vyuma vyake vinanunuliwa kwa feza za kigeni. Mwisho wa miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa na shida kubwa: mafuta yalipanda bei katika dunia yote, na vita na Idi Amin, 1978 mpaka 1979, vilikula feza mingi. Nauli ndogo haikutosha kununua vyuma, na serikali haikuwa na kitu cha kuongeza. Bisi moja ikaharibika, wakatoa vyuma vyake kutengeneza nyingine, kisha ile nyingine nayo ikasimama. Mji ulikuwa unakua kila mwaka na mabisi yalikuwa yanapunguka. Watu wakasimama kituoni saa mbili, saa tatu. (Wewe uliyengoja treni ya SNCC, huna haja ya kuelezwa.)

Mwaka 1983 serikali ikakubali magari ya watu binafsi yabebe watu mjini. Usifikiri watu walilia kwa kufa kwa bisi ya serikali. Walifurahi, sababu sasa walifika kazini.

"Denti mmoja tu!"

Lakini tazama daladala inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo mwanafunzi anaumia.

Mara mingi tajiri wa gari haendeshi mwenyewe. Anampa shofere ufunguo asubuhi, na shofere anatafuta konda. Hakuna mkataba wa maandishi. Tajiri anasema tu: jioni uniletee kiasi fulani. Kiasi hicho kinaitwa "hesabu". Mafuta ni juu ya shofere. Kinachobaki baada ya mafuta na hesabu, ndicho chakula cha shofere na konda. Kisipobaki kitu, wanalala njaa, na kesho tajiri anaweza kumpa ufunguo mtu mwingine. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu kule London, Matteo Rizzo, alichunguza kazi hii kwa miaka mingi na mwaka 2017 akatoa kitabu juu yake. Aliona kwamba siku yao ya kazi inafika saa 15, karibu kila siku ya juma.

Ukijua hivyo, mambo mingi yanaeleweka. Kwa nini gari haliondoki mpaka lijae? Hesabu. Kwa nini linakimbia kama linafukuzwa? Hesabu. Kwa nini jioni, wakati watu ni wengi, shofere anakata safari katikati na kuwashusha, ili wapande gari lingine na kulipa tena? Ni hesabu tu. Kule wanaita "kukatisha ruti".

Sasa fikiri juu ya mwanafunzi. Serikali ilipanga kwamba mwanafunzi mwenye sare alipe nauli ndogo. Mwaka 2013, mtu mzima alikuwa analipa shilingi 400 kwa safari isiyozidi kilomita 10, na mwanafunzi 200, yaani nusu. Miaka ikapita, mafuta yakapanda, bei ya mtu mzima ikaongezwa. Desemba 2023 ilifika shilingi 600 kwa safari ile ile. Na mwanafunzi? 200 tu, kama zamani. Serikali ilifanya vizuri kuwahurumia wazazi. Lakini haikumpa konda zile shilingi 400 zilizopunguka. Ilimwambia tu: beba.

Kwa hiyo konda anafanya hesabu yake mwenyewe. Kiti kimoja, watoto watatu ndio wanalipa sawa na mtu mzima mmoja. Saa 12 asubuhi watoto thelathini wamesimama kituoni na sare nyeupe na bluu, gari linakuja, konda anaweka mkono mlangoni kama mti wa kufungia zizi: "Denti mmoja tu! Wengine gari la nyuma!" Denti ni mwanafunzi, ndivyo wanavyosema mjini. Gari la nyuma linasema vile vile. Yule mmoja aliyepanda, mara mingi anaambiwa asikae; akikaa, anainuliwa ili mlipaji wa 600 akae. Wakubwa wengine wanamtetea. Wengine wanatazama dirishani.

Mimi simpendi konda anayesukuma mtoto. Lakini usimlaani upesi. Naye ana watoto, na saa ile anachagua kati ya mtoto wako na chakula cha wake. Waliomwekea uchaguzi huo hawapandi daladala.

Mambo haya yalizidi ugumu wakati shule za sekondari za kata zilifunguliwa kwa wingi, kuanzia miaka ya 2000. Ilikuwa baraka: watoto wengi walipata nafasi ya kusoma. Lakini mji ule ni mpana, na mtoto anaweza kupewa shule upande mwingine kabisa. Anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Anaamka saa 10 usiku. Anafika darasani amechelewa, anapigwa fimbo ya kuchelewa, na jioni anasimama tena kituoni mpaka giza.

Na katika giza kuna wengine wanaongoja. Wazazi wenye mabinti, someni hapa polepole. Msichana amesimama kituoni saa mbili, magari manne yamemkataa, ana njaa. Anakuja mtu mwenye gari zuri ao pikipiki: "Njoo dada, nikupe lifti." Siku ya kwanza ni lifti tu. Siku ya pili kuna na chipsi. Wengine kati ya watu hao ni makonda wenyewe: leo anamruhusu apande bure, kesho anataka malipo ambayo si feza. Walimu na viongozi wa Dar es Salaam wamesema juu ya jambo hili miaka na miaka. Na mpaka Novemba 2021, msichana aliyepata mimba katika shule ya serikali ya Tanzania alikuwa anafukuzwa, hakurudi tena. Mwezi ule serikali ilitangaza kwamba anaweza kurudi masomoni baada ya kuzaa. Fikiri sasa, ni wasichana wangapi walipoteza masomo, na mwanzo wa njia yao ulikuwa mlango wa daladala uliofungwa.

Mwendokasi

Mwaka 2016, mwezi wa tano, Dar es Salaam ilianza jambo jipya. Walitengeneza barabara za mabisi peke yake katikati ya barabara kubwa, kutoka Kimara mpaka Kivukoni karibu na bahari, na matawi ya kwenda Kariakoo na Morocco, karibu kilomita 21 kwa jumla. Gari lingine haliruhusiwi kuingia mle. Mabisi 140 yaliletwa kutoka China. Unalipa kituoni kabla ya kupanda, unapita mlango, unangoja juu ya jukwaa lililo sawa na sakafu ya bisi, hata mlemavu mwenye kiti cha magurudumu anaingia bila kuinuliwa. Watu waliipa jina "mwendokasi". Safari iliyokuwa inakula saa mbili katika msongamano ikawa dakika arobaini na kitu hivi. Mtu mzima alilipa 650, mwanafunzi 200.

Lakini sikiliza tofauti kubwa, na haiko katika saruji. Shofere wa mwendokasi analipwa mshahara. Hana hesabu ya jioni. Mtoto akiingia na tiketi yake ya 200, mkate wa shofere haupunguki hata kidogo, na hakuna konda mlangoni wa kuweka mkono. Mwanafunzi anakaa kama mtu.

Mwanzo wa 2018 mji ule ulipewa zawadi ya dunia kwa ajili ya kazi hiyo. Ni haki yao kufurahi. Lakini mwandishi wa kweli lazima aseme na ile nyingine. Karakana ya mabisi iliwekwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, mahali ambapo kila mzee wa mji anajua maji yanapita. Na maji yakapita, si mara moja. Mabisi yakasimama ndani ya maji. Mengine yaliharibika na hayakutengenezwa upesi. Mabisi yakapunguka, watu wakaongezeka, na saa za jioni ukaona watu wazima wenye mashati ya kazi wanaingia kwa dirisha. Mtoto anayeruhusiwa kupanda, lakini hawezi kupenya kati ya watu mia mbili wanaosukumana, naye pia amebaki nje.

Kwetu Kinshasa

Usifikiri kwamba ni shida ya Watanzania peke yao. Kinshasa, magari ya zamani ya Mercedes 207 yalibeba watu kwa miaka mingi, viti vya mbao, madirisha yaliyokatwa kwa mkono. Watu waliyaita "Esprit de mort", yaani roho ya kifo, na jina hilo halikuwa mzaha, sababu ajali zilikuwa mingi. Juni 2013 serikali ilianzisha kampuni ya Transco na mabisi mapya, na nauli moja ya franga 500, uende karibu ao uende mbali. Baadaye ikaleta na magari madogo mapya, yakaitwa "Esprit de vie", roho ya uzima. Bei ile ya Transco ilikuwa msaada mkubwa kwa mama mwenye beseni la samaki anayekaa mwisho wa mji. Mwenye gari la binafsi anakata njia vipande viwili, kila kipande na bei yake. Transco ilimpeleka mpaka mwisho kwa noti moja.

Lakini yaleyale ya UDA yalianza kuonekana: bisi inaharibika, na wafanyakazi waligoma zaidi ya mara moja kwa sababu ya mishahara. Nauli ndogo ni nzuri ikiwa mtu anajaza pengo. Pengo lisipojazwa, linakula bisi yenyewe.

Senti hamsini

Je, kuna mahali pengo linajazwa? Tuvuke bahari kidogo, mpaka Brisbane, mji mkubwa wa Australia wenye watu zaidi ya milioni mbili. Kule mabisi ni ya halmashauri ya mji. Zamani walikuwa na tramu, yaani bisi za juu ya reli. Walizitoa mwaka 1969 na kuweka mabisi mahali pake, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 wana barabara za mabisi peke yake kama za mwendokasi. Bisi inaondoka kwa saa iliyoandikwa kwenye kibao, hata ikiwa ndani yuko bibi mmoja tu na kikapu chake.

Tarehe 5 Agosti 2024, serikali ya jimbo lao, Queensland, ilishusha nauli ya bisi, treni na mashua za mjini mpaka senti 50 kila safari. Ilianza kama majaribio ya miezi sita, na mwaka 2025 ikakubaliwa kuendelea. Senti hamsini! Wazee wetu wa pwani wangesema "thumni". Pale hata soda hununui kwa thumni.

Je, senti hizo zinanunua mafuta ya bisi? Hapana. Hata hazikaribii. Serikali inalipa sehemu kubwa kutoka kodi ya watu wote, pamoja na wale wasiopanda bisi hata siku moja. Na jimbo lile, ndugu mchimbaji, linapata feza mingi kutoka machimbo. Makaa ya mawe yanachimbwa mbali kule ndani ya nchi, na serikali inatoza sehemu yake kwa kila tani. Sisemi kwamba senti zile zinatoka moja kwa moja katika mashimo. Kodi zote zinaingia katika sanduku moja. Lakini dhahabu ya Namoya ilianza kuchimbwa zamani za wakoloni, na wewe unajua hali ya barabara ya Kabambare.

Turudi njiani

Basi, sisi hatuna halmashauri ya Brisbane. Hatuna hata daladala ya kulalamikia. Tuna lori, pikipiki na kinga. Na mwanafunzi wetu naye yupo. Septemba inakaribia, utamwona: sanduku la chuma kichwani, godoro limefungwa kwa kamba, anakwenda kuanza masomo Kasongo. Wakati wa Examen d'Etat utamwona tena, anakwenda kwenye kituo cha mtihani, na tarehe ya mtihani haingoji lori lijae. Mwenye gari anamtoza kama mfanyabiashara wa chumvi. Pengine zaidi, sababu anajua kwamba huyu hawezi kungoja.

Mwenye lori naye si mnyama. Ana madeni ya mafuta, ana vizuizi njiani, na kila kizuizi kina mkono. Ukimwambia tu "uwahurumie watoto", atafanya kama yule konda, na utakuwa umefanya kama ile serikali. Lakini wazazi ishirini wakikaa pamoja mwezi mmoja mbele, mambo yanabadilika. Watoto ishirini na masanduku yao ni nusu ya lori iliyojaa tayari, siku moja, bila yeye kungoja wala kutafuta. Hiyo ni faida kwake, na kwa faida hiyo anaweza kushusha bei. Waliopata mavuno wanaweza kuongeza kidogo kwa ajili ya mtoto wa mjane. Mkubaliane na tarehe. Mkubaliane kwamba wasichana wanashuka wote mahali pamoja, mbele ya mtu anayewangoja, wala si mmoja mmoja usiku mbele ya soko.

Na kama binti yako anakwenda mji mkubwa kukaa kwa shangazi, kabla hujanunua madaftari, piga simu umuulize shangazi mambo matatu: kutoka kitandani mpaka masomoni ni magari mangapi, saa ngapi atarudi, na usiku gari likimkataa atapita na nani.